Maji ya Ndizi kwenye Sufuria ya Anatolia

Pale Omurushaka, mahali gari za Kyerwa zinaposimama kungoja abiria wajae, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye Coaster chakavu kikaegemezwa ukutani mwa duka la vipuri. Sponji yake ililiwa na mvua zamani, na wanaokikalia wamejitandikia magunia ya kahawa. Muzamil hufika na birika lake la kahawa baada ya sala ya adhuhuri, na kuanzia hapo hakuna jambo la dunia hii lisiloamuliwa. Kila mtu hapo ana jina ambalo mama yake hakumpa. Luqman mwenye duka ni Dokta, kwa kuwa aliwahi kulinda duka la dawa kule Bukoba miaka miwili akatoka na majina ya dawa kichwani. Eliud ni Mzani, kwa kuwa hupima kahawa ya wakulima kwenye chama cha ushirika, wala hakubali neno la mtu mpaka alipime mwenyewe. Yustus, mkulima wa kijiji cha Ndama na mzee wa kanisa la Kilutheri, wanamwita Askofu. Yeye huwakataza, halafu huitika.

Jumatano ile Askofu alifika ametulia, amevaa shati la kutokea, akaagiza kahawa na kashata. Hakukaa dakika kumi utulivu ukamtoka.

Aliyeuondoa ni Eliud, bila kujua. Alikuwa ametoka Kyerwa kumwona shemeji yake aliyelazwa, akawa anasimulia. Huyo shemeji ana sukari. Ameacha soda, ameacha keki za harusini, chai anakunywa kavu, na mkewe humsifu mpaka kanisani. Lakini kila jioni alikuwa akinywa jagi la maji ya ndizi, yale yaliyokamuliwa siku hiyohiyo, kabla hayajatiwa mtama yakawa pombe ya rubisi. Kwa akili yake, kilichotoka shambani kwake hakihesabiki.

— Walipomtoboa kidole, alisema Eliud, mashine ilikataa kutaja namba. Iliandika herufi tu. Nesi akasema sukari imepita pale mashine inapoishia kuhesabu.

— Maji ya ndizi matupu? aliuliza Yustus.

— Matupu. Nesi akatuuliza, hivi ninyi watu wa huku mnadhani sukari hutoka kiwandani peke yake?

Yustus alishusha kikombe chini, kwenye vumbi. Hivyo ndivyo alivyodhani. Tena hakudhani tu. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameitendea kazi dhana yake.

Mkewe Anatolia alipimwa akakutwa na sukari mwaka juzi. Kule kliniki wakawaunganisha wanawake saba wenye ugonjwa huo, wakawa wanakutana kila Jumatano, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Huanza na sala, kisha hula kitu kitamu ambacho mgonjwa wa sukari anaweza kula kidogo bila hofu. Nesi aliwafundisha kuoka chenga za matunda. Unakata papai lisiloiva sana, nanasi na pasheni, unanyunyiza mdalasini. Unachukua unga wa mtama na karanga zilizotwangwa, unausugua kwa vidole na siagi kidogo mpaka uwe chenga chenga, unazimwaga juu ya matunda. Halafu sufuria inafunikwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, mpaka chenga zipate rangi ya udongo wa barabara ya Kayanga. Sukari haiingii hata chembe. Hakuna cha kununua kwa shida, na nyumba nzima hunukia.

Leo ilikuwa zamu ya Anatolia. Alikuwa hajalala vizuri kwa kuwaza wageni. Yustus, ambaye katika miaka thelathini na moja ya ndoa alizoea kuliona jikoni kwa mlangoni tu, aliingia akamkatia mapapai. Anatolia alifurahi mpaka akaimba. Kisha akatoka kwenda kuazima mabenchi kwa jirani, akamwacha mume na sufuria.

Yustus alionja. Pasheni na lile nanasi vilimfumba jicho moja. Akawaza: wanawake sita, ambao waume zao wote wanalijua shamba langu la migomba, watakuja kwangu wale uchachu, tena bila hata kidole kimoja cha ndizi. Watasema nini wakirudi? Jikoni palikuwa na jagi la maji ya ndizi ambalo jirani yake Mbonimpa alimpa jana alipokamua. Yustus akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akimnywesha maji hayo alipopata malaria utotoni, naye akapona. Kitu kilichoponya kitaumizaje? Akamimina vikombe viwili. Akatandaza chenga juu yake taratibu, kama mtu anayefukia mbegu za kabichi.

Anatolia aliporudi alifunika sufuria, akapanga makaa, akasema ahsante mume wangu. Hakuuliza kitu. Na kwa kuwa hakuuliza, Yustus hakuwa amedanganya. Ndivyo alivyojiambia njia nzima kutoka Ndama.

Sasa ilikuwa saa nane na nusu. Wanawake wangeanza sala saa tisa. Saa kumi wangekula.

Alikohoa, akawageukia wenzake, na hapo akafanya kosa la pili la siku ile.

— Kuna mtu mmoja wa Kaisho, alisema. Simjui sana. Mke wake ana sukari. Mke akaoka matunda, yeye akatia maji ya ndizi kwa siri, apate kuwapendeza wageni. Kidogo tu. Je, ni jambo la kuogopesha?

Kijiwe kikaamka. Hakuna kinachowafurahisha watu wa pale kama mtu wa mbali aliyefanya upuuzi.

Luqman alitangulia, maana ndiye Dokta. Alieleza kwamba maji ya ndizi mabichi yana sukari ya kadiri, lakini ukiyaweka motoni, maji huenda na mvuke na sukari hubaki, kwa hiyo kikombe kimoja kinakuwa na nguvu ya vitatu. Ukiweka moto juu na chini, kama wanavyooka wanawake, basi ni sita. Eliud alimuuliza hiyo hesabu ameipimia wapi. Luqman akasema hesabu za dawa hazipimwi kwa mzani wa kahawa.

— Na wewe ulikuwa unalinda mlango, sio dawa, alisema Eliud.

— Mlango wa dawa husikia mengi.

Walicheka. Yustus naye alijitahidi kucheka, ikatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Alikuwa akizidisha: viwili mara sita. Kumi na viwili, kwa wanawake saba.

Alijiambia asubiri, labda Eliud atatoa neno la kupoza. Eliud ni mtu wa kipimo. Eliud aliuliza zile chenga za juu zilikuwa za unga gani. Yustus akajibu haraka kuliko ilivyompasa mtu asiyemjua mwenye habari.

— Mtama.

Eliud alihesabu kitu kwa vidole. Kisha akaeleza, polepole, kama anayesoma barua ya msiba. Maji ya ndizi yenyewe ni maji tu. Kinachoyageuza kuwa rubisi ni nini? Ni mtama. Kila mkamuaji wa Karagwe analijua hilo. Sasa huyo mtu wa Kaisho ameweka maji ya ndizi chini, mtama juu, akafunika, akatia joto. Hajaoka chakula. Amepika pombe kwenye sufuria ya mkewe.

— Na wageni ni akina nani? aliuliza Muzamil.

— Ni kikundi cha sala, alisema Yustus. Wanasali saa tisa, wanakula saa kumi.

Hapo hata abiria wa gari la Nkwenda waligeuka kuona kinachochekesha watu. Luqman alisema siku hiyo nyimbo zitaimbwa vizuri kupita siku zote. Muzamil akasema mchungaji atakuta wamelala kwenye vitabu vya nyimbo. Yustus aliinuka, akasema anakwenda haja ndogo, akazunguka nyuma ya duka.

Simu ilikuwa mfukoni tangu mwanzo, na salio lilikuwamo. Ni lazima hilo lisemwe, kwa sababu baadaye aliwaambia watu kwamba alihangaika sana kutafuta namna ya kupiga. Hakuhangaika. Alikuwa ameigusa mara tatu akaiacha mara tatu. Kila alipoigusa aliona sura za wale wanawake, hasa Xaveria, mke wa katibu wa usharika, akisikia kwamba mzee wa kanisa, yule anayesimama mbele kila Jumapili kuongoza sala ya toba, amekwenda kufanya hila jikoni kwa mkewe.

Sasa alipiga. Simu ya Anatolia ilikuwa imezimwa. Alitazama saa: tisa na dakika nane. Alikumbuka kwamba kikundi kile, sala ikianza, huzima simu zote wakaziweka kwenye ungo mmoja. Dakika nane zilizopita Anatolia alikuwa anapatikana.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Alitaka kusali, lakini kila alipoanza maneno aliona anamwomba Mungu aifanye kazi ambayo simu ingeifanya saa nane na nusu. Aliona aibu kuendelea. Akarudi kwenye kiti, maana miguu haikujua pengine pa kwenda.

Alikuta mjadala umepanda. Muzamil ndiye aliyeshika zamu, na Muzamil hana elimu ya dawa wala ya mizani, ila ana sauti ndogo inayofanya kila kitu kiaminike. Alisema wenzake wanaangalia sufuria wanasahau tumbo. Rubisi hupikwaje? Ndani ya mtumbwi wa mti, umefunikwa kwa majani, unapata joto usiku kucha. Sasa tumbo la mtu ni nini? Ni mtumbwi wenye joto lake lenyewe. Mtu akila mtama na maji ya ndizi, kazi haiishii mezani, inaendelea humo ndani, inachemka, inapanda povu. Mzima ataota ndoto. Mgonjwa wa sukari, ambaye damu yake tayari ni tamu, ataendelea kuchachuka mpaka kwenye mishipa. Atavimba kuanzia vidole vya miguu.

— Umeona wapi? aliuliza Eliud.

— Sikuona. Lakini nieleze kwa nini haiwezekani.

Luqman akatoa dawa: kahawa chungu isiyo na kitu, vikombe saba, uchungu upigane na utamu mpaka mmoja ushindwe. Muzamil akaiunga mkono dawa hiyo kwa moyo wote. Eliud akasema ingekuwa hivyo shemeji yake asingelazwa, maana hutafuna kahawa tangu alipoota meno.

Yustus alijua kwamba nusu ya maneno hayo ni upepo. Alijua kabisa. Lakini hofu haikumpa nafasi ya kuchagua ipi ni nusu ya upepo. Miguu ya Anatolia ilikuwa tayari inakufa ganzi wakati wa jioni. Yeye mwenyewe huikanda kwa maji ya uvuguvugu. Alimwona amevaa kile kitambaa cha kichwa cha buluu, akigawa sahani, akijipakulia kijiko kimoja cha ziada kwa kuwa ameoka mwenyewe na anajua hakuna sukari ndani.

— Labda, alisema Yustus, huyo mtu hakujua tu. Labda alidhani ni kitu cha shambani.

Luqman alitikisa kichwa. Alikuwa ameacha kucheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

— Askofu, wewe ni mtu mwema, unadhani wote ni kama wewe. Mtu anayetia kitu kwenye chakula cha mgonjwa kwa siri, halafu akanyamaza, huyo hajakosea. Huyo amechoka na mke. Nakuhakikishia yupo mwingine anayemngoja.

— Hapana, alisema Yustus.

— Utajuaje na humjui?

— Hapana. Sio hivyo.

— Basi kwa nini hakumwambia?

Yustus alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba kuna watu wanaogopa kuonekana wajinga kuliko wanavyoogopa msiba, na kwamba watu hao hukaa viti vya mbele kanisani. Lakini alisema tu kwamba hajui.

Muzamil alikuwa ameshika birika bila kumimina. Alisema mama yake alikufa kwa sukari, mwaka ule wa mvua nyingi. Mwisho alikuwa haoni. Alikuwa anatambua watu kwa kuwapapasa uso, na watoto walimkimbia. Hakuna aliyemtania. Kila mmoja alitazama kikombe chake, na saa ya Yustus ilikuwa inasogea kuelekea saa kumi kasorobo.

Wakati huo Nsanzimana alizima pikipiki yake mbele yao. Ni mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, hubeba abiria kati ya Omurushaka na vijiji vya Ndama na Kanoni, na huongea kidogo kwa kuwa siku nzima ana upepo mdomoni. Aliwaamkia, akapewa kahawa, akauliza kuna nini, mbona wamekaa kama wanaongoja maiti ishushwe. Wakamsimulia wote kwa pamoja: mtu wa Kaisho, sufuria, mtama, rubisi, mtumbwi wa tumbo, mke wa pili. Kila mmoja alirekebisha sehemu yake. Nsanzimana alikunywa kikombe chote akisikiliza. Kisha akaifuta midomo.

— Wamekwisha kula?

— Wanakula saa kumi, alisema Eliud. Au sio, Askofu? Wewe ndiye uliyesema saa kumi.

— Ya leo? aliuliza Nsanzimana.

Luqman alimtazama Muzamil. Tangu walipoanza walikuwa wamejadili moto, unga, tumbo na ndoa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama jambo limekwisha au bado.

— Basi huyo mume, aliuliza Nsanzimana, muda huu yuko wapi?

Hakuna aliyejua. Dokta hakujua, na Mzani hakuwa na cha kupima. Gari la Nkwenda liliondoka, vumbi likapita mbele yao, likatua.

— Yuko hapa, alisema Yustus. Sio wa Kaisho. Ni mimi, na mke ni Anatolia. Nipeleke nyumbani, ndugu yangu, usipunguze mwendo hata kidogo.

Hakungoja kuona sura zao. Nyuma yake alisikia Luqman akianza kusema kitu kuhusu lile neno la mke wa pili, kwamba asimhesabie, kisha mlio wa pikipiki ukalifunika.

Njiani alijaribu kupanga maneno. Kwanza alipanga maneno marefu, yenye mama yake na malaria ndani yake. Walipovuka daraja dogo akayakata nusu. Kwenye kona ya shule akakata tena. Nsanzimana aliendesha kama alivyoombwa, na mara mbili gurudumu la nyuma liliteleza kwenye changarawe, na mara zote mbili Yustus aliona kwamba haogopi kuanguka. Hofu yote aliyokuwa nayo ilikuwa na kazi nyingine. Alipita migomba ya Mbonimpa, akapita yake mwenyewe, akaruka chini kabla pikipiki haijasimama.

Nyumba ilikuwa kimya. Harufu ya mdalasini ilikuwa imetoka mpaka uani, na chini yake kulikuwa na utamu mwingine, mzito, ambao yeye peke yake aliujua jina. Kupitia dirishani aliona sufuria katikati ya meza, kifuniko kimeondolewa, chenga zimeiva vizuri. Sahani saba zilikuwa zimegawiwa, kila mwanamke ameshika kijiko, vichwa vyote vimeinama. Anatolia alikuwa akikiombea chakula. Aliwataja wagonjwa wa kliniki, akamtaja nesi. Kisha akamshukuru Mungu kwa ajili ya mume wake Yustus, ambaye leo, kwa mara ya kwanza tangu yeye aanze kuugua, ameingia jikoni akamsaidia kwa mikono yake.

Yustus alivua kofia. Anaijua sala ya mkewe. Baada ya kumtaja yeye, hubaki sentensi moja tu. Akasukuma mlango.

— Msile, alisema. Nimetia maji ya ndizi. Ni mimi.

Wanawake sita walifumbua macho, wakamtazama yeye, kisha wakatazama sahani zao. Vijiko vilikuwa bado vikavu. Anatolia peke yake alibaki amefumba, mikono imekunjwa mezani, na Yustus akasimama pale mlangoni akimngoja afumbue.